Damu Moja, Mlango Mmoja

Sogeeni, mkae. Anayetaka hadithi ya sungura aende kwa jirani, huko wanacheka mpaka jogoo awike. Ya leo haina sungura, wala hakuna atakayeozwa binti wa mfalme. Ni habari za watu wema, wema kabisa, na ndiyo maana inauma. Msinikatize. Mtasema mwishoni, na huo mwisho ukifika mtatamani msingeulizwa.

Huko milimani, katika kijiji cha Kwamrindo, walikuwepo watu watatu ambao sifa zao zilijulikana hata kwa wageni.

Wa kwanza ni Nambike, mjane, mfinyanzi wa vyungu. Ulimi wake haukuwahi kusema uongo. Ukimpikia chakula kikaungua, atakwambia kimeungua, na atakula huku anakukumbusha. Ukimwonyesha mtoto wako mchanga umwulize kama ni mzuri, basi shauri yako. Watu walimcheka, walimwogopa, lakini ugomvi ukifika barazani walimwita yeye, na neno lake ndilo lililomaliza.

Wa pili ni Mbonea, na kifua cha Mbonea kilikuwa sanduku. Watu walimwachia mbegu, walimwachia mbuzi, walimwachia siri, na kila kitu akakirudisha kwa mwenyewe kama alivyopewa. Mkewe alikuwa akilalamika kisimani: "Huyu bwana anajua ya nyumba zote za kijiji hiki, na mimi nalala na sanduku lililofungwa!"

Wa tatu ni Senkondo, mlinzi wa bwawa. Huyo alikuwa hapindiki. Alimhukumu mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja, kama anavyomhukumu mtu baki, halafu akaenda nyumbani akala ugali wake. Ukimpelekea jogoo kabla ya kesi, atamrudisha jogoo na kesi ataisikiliza hivyo hivyo.

Na alikuwepo Mkunde. Huyu hakuwa na sifa ya kutangazwa. Alikuwa na mtoto mmoja, Kajiru, kijana aliyekwisha kuoa, na Kajiru akiambiwa na mama yake kaa, anakaa. Basi, hiyo ndiyo mali aliyokuwa nayo Mkunde.

Sasa hilo bwawa lenyewe. Kijito cha juu kilitiririka humo, na chini ya ukuta wake palikuwa na tundu, na tundu lilizibwa kwa kizibo cha migomba na udongo. Kizibo kikitolewa, maji yanashuka kwenye mfereji mkubwa katikati ya kijiji, na kila nyumba ina mlango wake kando ya mfereji, na ina zamu yake. Bila zamu huna mahindi, huna maharage, huna kwako. Sheria ya bwawa ilikuwa fupi, hata watoto waliijua: mkono usiguse kizibo nje ya zamu. Atakayegusa, anashuka nyikani kwa miguu yake, na asirudi mpaka mvua irudi. Ila kama kizibo kimeoza, hapo hakina zamu tena, na mkono wowote utakaokigusa ni mkono wa kijiji.

Ukaja mwaka wa ukame. Mvua zilionekana kwa mbali zikinyesha kwa watu wengine. Kijito kikawa uzi. Watu wa Kwamrindo wakakubaliana kulifunga bwawa, wasifungue kwa zamu ya mtu yeyote, wayalee maji yale mpaka yafike ya kupandia mara moja. Wakawa wanapita ukutani kuyatazama kama mgonjwa anayeanza kupata nafuu. Hata waliochukiana walisimama pamoja pale wakayatazama.

Mchana mmoja, jua kali, kizibo kikaachia. Maji yakashuka yote, yakapita kwenye mfereji yakiwa yamekokota migomba na matope, yakaenda kumwagika nyikani kusiko na shamba. Watu wakatoka majumbani wakipiga mayowe. Wengine waliingia mferejini na masufuria, wakateka matope. Pale penye tundu walimkuta Kajiru, udongo mpaka mabegani, analia.

Akasema alikuwa anapita kwenda kukata majani ya mbuzi. Akaona kizibo kinavuja. Akapanda mbio akaweka mikono kukikandika, nacho kikamvunjikia mikononi.

Ah, jamani! Nani angeamini? Kizibo kilikwisha kwenda na maji. Hapakuwa hata na kipande cha kutazama.

Baraza likaitwa pale pale, kwa sababu kesi ya maji haikulazwa. Walisema ugomvi wa maji ukilala unaamka na mikuki. Senkondo akasimama mbele, Kajiru akaketi chini, na Mkunde akasimama nyuma pamoja na mkwewe, mke wa Kajiru, ambaye mimba yake ya kwanza ilikuwa imeanza kuonekana.

Nambike akaitwa, maana nyumba yake ndiyo iliyo karibu na bwawa.

"Ulimwona mtu kwenye kizibo?"

"Nilimwona."

"Nani?"

"Kajiru."

"Alifanya nini?"

"Mikono yake ilikuwa kwenye kizibo, na kizibo kikatoka."

Hayo ndiyo aliyoulizwa, na hayo ndiyo aliyojibu. Akarudi kukaa. Mkunde alimtazama akikaa, akasubiri aongeze neno, hata moja. Hakuongeza.

Mbonea alifika barazani amechelewa. Alikuwa ametoka kwa rafiki yake Lukindo, kapera, mgonjwa wa homa, anayeishi peke yake kwenye kibanda cha kuazima. Lukindo alisikia yale mayowe akiwa kitandani, akamshika Mbonea nguo. Alimwambia kwamba msaragambo uliopita, ile siku kijiji kizima kinafanya kazi ya bwawa pamoja, yeye ndiye aliyepewa kizibo. Homa ilikuwa imemwanza, hakuwa na nguvu za kupanda kukata migomba mibichi. Akaweka ya zamani akaipaka udongo mpya juu, akasema nikipona nitabadilisha.

"Nitasimama barazani mwenyewe," Lukindo akasema. "Nikipata tu nguvu za kusimama. Usinitangulie, Mbonea. Umenisikia? Niapie hutanitangulia."

Na Mbonea, mnamjua, akaapa. Akaja barazani na kiapo chake, akaketi, akasikiliza kila kitu, na sanduku likabaki limefungwa. Mkunde alikumbuka baadaye kwamba mtu huyo alikuwa anatokwa jasho pale alipokaa. Wakati ule alidhani ni jua.

Senkondo akamgeukia Kajiru. "Unasema ulikuta kinavuja. Nani alikuona ukikuta?"

"Hakuna, mzee."

"Mkono wako uligusa?"

"Uligusa. Lakini..."

"Zamu ilikuwa yako?"

"Haikuwa ya mtu."

Senkondo alimtazama yule kijana. Wapo waliosema alimwonea huruma, na huenda ni kweli, maana hakuwa jiwe. Kisha akaitamka sheria kama ilivyo, hakupunguza neno, hakuzidisha. Kajiru angeshuka nyikani asubuhi, na asirudi mpaka mvua irudi.

Waliyoongea Mkunde na mwanawe jikoni kabla hajashuka, tutayafikia. Kwa sasa jueni kwamba alishuka. Hakufukuzwa na fimbo. Aliondoka ameinua kichwa, na kibuyu begani, na mama yake alisimama njiani akamtazama mpaka hakumwona tena.

Jioni ya siku ile ile ya baraza, Mbonea alikuwa amerudi kwa Lukindo amwombe amfungulie kiapo. Akamkuta homa imepanda kichwani, hamjui mtu, anamwita Mbonea "mama". Utamwomba nini mtu kama huyo? Mbonea aliketi kando ya kitanda akingoja apate fahamu. Lukindo hakupata fahamu. Alikaa hivyo siku kadhaa, akafa.

Walipokwisha kumfukia, udongo bado mbichi, Mbonea akasema yote mbele ya kaburi. Wanaume wakashuka nyikani mbio. Walimkuta Kajiru chini ya mgunga, amelala ubavu kama mtu anayejikinga na jua. Kibuyu kilikuwa kikavu. Walimzika huko huko, wakamletea mama yake kibuyu.

Mkunde hakupiga yowe. Alikichukua kile kibuyu akakitia puani, akakinusa, akaingia ndani. Alichokisikia, kama mnataka kujua, ni chuki. Hakuwahi kuchukia mtu namna ile. Alitaka waumie, Nambike na Mbonea na Senkondo, alitaka awaone wakilamba mfereji mkavu.

Na desturi ilimpa njia. Huko Kwamrindo, mtu akipotezwa bila haki, aliyemzaa ndiye anayemtaja aliyempoteza. Anachukua jiwe la kwanza, anaenda kuliweka kwenye mlango wa mfereji wa yule aliyemtaja, na kijiji kinamalizia kuufunga. Nyumba hiyo haipati zamu tena, na wala haruhusiwi jirani kuipa hata kata ya maji ya shamba. Zamu yake inakwenda kwa nyumba ya marehemu. Lakini ni mmoja tu: damu moja, mlango mmoja. Wazee wa kale waliona kwamba kila jirani akifungiwa kwa sababu alikuwepo, hapatabaki kijiji. Lukindo amekufa, hakuacha shamba wala mlango, hana cha kufungiwa.

Na mpaka mtu atajwe, hakuna anayeruhusiwa kuziba bwawa. Walisema mikono yenye damu haizibi maji. Nayo mawingu, hebu oneni ubaya wa mambo, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya kilele. Mvua ikikuta tundu wazi, maji yote yatashuka nyikani, na njaa itamaliza ulichobakiza ukame.

Baraza likakaa tena. Safari hii Mkunde ndiye aliyesimama mbele.

"Nambike," akasema. "Wewe husemi uongo. Kabla mwanangu hajapita mlangoni kwako, ulisikia maji?"

Nambike akainua uso. "Nilisikia. Mfereji ulikuwa unalia kidogo. Ndipo Kajiru akapita mbio kupanda."

Watu wakaguna.

"Ulisikia! Mbona hukusema?"

"Sikuulizwa, Mama Kajiru. Haki ni kusema kweli ya jambo unaloulizwa. Nikianza kuongeza la huyu kwa kuwa nampenda na kupunguza la yule kwa kuwa namchukia, sitakuwa shahidi tena. Nyinyi wenyewe mlinifundisha hivyo, miaka yote mlisema Nambike jibu ulichoulizwa."

"Ulisema nusu ya kweli," Mbonea akadakia.

"Na wewe uliyekuwa nayo nzima, ukaikalia?"

Mbonea alikuwa amekonda. Akajibu akitazama chini. "Haikuwa yangu. Mtu akikuwekea kitu, haki ni kumrudishia mwenyewe. Huwezi kukigawa njiani kwa kuwa umeona mwenye shida. Leo natoa siri ya Lukindo nimwokoe Kajiru. Kesho nitatoa ya nani, nimwokoe nani? Na nani kati yenu ataniachia hata mbegu?"

"Ungetoa tu!" Huyo alikuwa mke wa Kajiru, sauti imempasuka. "Ungetoa, tukakuita mdomo wazi, tukakucheka mpaka uzeeke! Mume wangu angekuwa hapa akikucheka pamoja nasi!"

Mbonea machozi yalimtoka, akayaacha.

Senkondo akasimama bila kuitwa. "Mkunde, ukinitaja mimi, nitakusaidia kubeba hilo jiwe. Lakini nitaje kwa haki. Haki ni sheria moja kwa wote. Nilimhukumu mwanao kwa neno lile lile nililomhukumia mdogo wangu."

"Mdogo wako ulimshusha mwaka wa mvua," Mkunde akasema. "Alikaa huko akala swala, akarudi amenenepa, tukamtania. Mwanangu umemshusha mwaka ambao hata fisi wamehama. Hiyo ni hukumu moja, Senkondo?"

"Neno ni lile lile."

"Neno, ndiyo."

Mzee yule akasema polepole, "Nikianza kuipima sheria kwa hali ya hewa, kesho mtaniomba niipime kwa sura za watu. Mimi sijui kufanya hivyo. Na nilikuwa na njaa ya watu wote mbele yangu siku ile, Mkunde. Walitaka kumpiga mawe. Sheria ndiyo iliyomtoa pale akiwa mzima."

Na hilo nalo lilikuwa kweli. Wengi waliokuwa wameshika mawe siku ile walitazama pembeni.

Mkunde akawatazama wote watatu. Alikuja barazani akidhani chuki yake itachagua yenyewe, na sasa ilikuwa inarukaruka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, haitui. Nambike akifungiwa, nani atathubutu tena kutoa ushahidi? Mbonea ana watoto wengi, wadogo wadogo. Senkondo ni mzee, bila shamba atakufa kabla ya mavuno. Kila mmoja wao angesema neno moja zaidi, neno moja tu, Kajiru angekuwa hai. Na hakuna hata mmoja aliyevunja lolote.

Akamgeukia mkwewe. "Mwanangu, wewe ndiye uliyelala naye njaa. Niambie. Nimtaje nani?"

Mkono wa yule binti ulikuwa tumboni. Akasema kwa adabu, bila hasira yoyote, "Mama, mimi nilikuwepo jikoni."

Mkunde akaondoa macho kwake.

Watu hawakuelewa. Wakaanza kuulizana, jikoni gani, kuna nini. Binti yule hakusema zaidi. Ilibidi Mkunde aseme mwenyewe, na alisema, maana angenyamaza angekuwa amekwisha kufanana na wale aliokuwa anawahukumu.

Usiku kabla hajashuka, Kajiru hakutaka kwenda. Wajomba zake wanakaa ng'ambo ya pili ya mlima, kwenye baridi, na wana maji. Walikuwa wamemtumia neno: njoo tukufiche, ukweli utajulikana tu. Alikuwa amefunga mzigo. Mkewe alikuwa amefunga wake pia. Mkunde ndiye aliyesimama mlangoni.

"Nilimwambia mbio ni za mwizi," Mkunde akasema mbele ya baraza. "Nilimwambia, ukikimbia umekiri. Tumekula maji ya kijiji hiki kwa sheria hii tangu babu yako. Hatuwezi kuipenda inapotupa na kuikimbia inapotuuma. Nikamwambia haki ni mtu kukubali hukumu ya wenzake hata kama wamekosea. Nenda ukiwa umeinua kichwa, nikamwambia. Akaniuliza, 'Mama, una hakika?' Nikasema nina hakika. Akafungua mzigo."



Mkunde akamtazama Senkondo. "Sheria inasemaje?"

Senkondo alikuwa analia, na mtu yule hakuna aliyewahi kumwona akilia. Lakini alijibu alichoulizwa. "Sheria inasema atajwe aliyempoteza. Haikusema asiwe aliyemzaa."

"Na zamu yangu ikifungwa?"

"Mkweo hana mlango mwingine, Mkunde. Wala huyo anayekuja."

Ngurumo ikapita juu ya kilele. Watu wakatazama juu, kisha wakamtazama yeye. Kuna aliyesema, "Mama Kajiru, tafadhali, mvua." Kuna aliyemnyamazisha.

Mkunde akainama akachukua jiwe. Lilikuwa zito, akalikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Akaanza kushuka kando ya mfereji, na kijiji kizima nyuma yake. Akafika kwenye mlango wa Nambike, na Nambike alikuwa amesimama hapo, hakusema neno, maana hakuulizwa. Akasimama, akapita. Akafika kwenye mlango wa Mbonea, watoto wamejipanga uani wakimtazama na jiwe lake. Akasimama, akapita. Akafika kwa Senkondo. Mzee alikuwa amekwisha kufika mbele yake na kuusafisha ule mlango, ameondoa majani na matawi, ili jiwe likae vizuri. Hapo alisimama sana.

Halafu akatazama chini ya mfereji, kwenye mlango wa mwisho, wa kwake, ambapo mkwewe alikuwa ameketi ukingoni, miguu ndani ya mfereji mkavu.

Matone ya kwanza yakaanza kuanguka. Juu kule tundu la bwawa lilikuwa wazi.

Mimi naishia hapa. Msinitazame hivyo, sijui zaidi ya mnachokijua nyinyi. Yuko aliyesema kweli, yuko aliyetunza alichoaminiwa, yuko aliyeshika sheria, na yuko aliyemfundisha mwanawe kuitii. Mtu amekufa. Na usiniambie "wafungiwe wote", desturi imekataa. Usiniambie "asifungiwe yeyote", mvua imeanza na watoto wa kijiji wanataka kula. Haya, wewe uliyekuwa unatikisa kichwa tangu mwanzo, njoo ulipokee hili jiwe. Unaliweka kwenye mlango wa nani?